Dungu la Rhoda na Nyota za Watu wa Ngombezi

Ngombezi, Korogwe
Jumapili, 8 Juni

Kwa dada yangu mpenzi Evodia,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi salama hapo Sindeni, wewe na shemeji na wote wa nyumbani, na lile goti lako liwe limepoa tangu ulipoondoka kwetu. Sisi huku hatujambo. Baba Rhoda anakohoa kidogo kwa vumbi la kiwandani, lakini anakula na ananuna kama kawaida yake, kwa hiyo najua ni mzima. Mimi mwili hauna shida. Moyo ndio uliokuwa na kazi wiki hizi tatu, na ndiyo sababu nimekaa leo baada ya misa nikuandikie. Simu yako kila nikipiga naambiwa haipatikani, na hata ingepatikana, maneno haya yanataka mtu ayasome akiwa amekaa.

Barua nampa Ukasha, yule konda wa basi la Handeni, pamoja na mchele wa Mombo kilo tano. Mchele ukifika umepungua usimlaumu, kifuko chenyewe ni chepesi na nimekishona kwa haraka.

Dada, ulipokuja kwenye kipaimara mwezi uliopita uliwahi basi, sikupata nafasi ya kukueleza vizuri ile kazi ya Rhoda. Nilikwambia tu mwanangu ametengeneza gemu ya kwenye simu, ukaniuliza kama ni kamari, nikakuapia siyo. Sasa nakueleza. Ukiifungua unaona shamba la mahindi, na mahindi yenyewe yamebeba kweli. Kutoka juu yanashuka matofali, moja moja, mengine marefu, mengine yamepinda kama kiwiko. Wewe kwa kidole unayageuza na kuyapanga mpaka yanasimama yanakuwa dungu, kichanja kama kile chako cha kulindia mahindi. Ukipanga ovyo linaanguka. Ukipanga vizuri linapanda, na bibi mmoja mwenye kanga kichwani anapanda nalo, ana kombeo mkononi na debe la kupiga. Halafu wanakuja ngedere, wanakuja nguruwe pori, wanakuja kwelea kwelea, na hapo ndipo dungu lako litakuokoa au litakuaibisha.

Yule bibi ni wewe, dada. Rhoda amesema mwenyewe. Amekumbuka likizo zake zote za Sindeni, ulivyokuwa ukimpandisha juu na kumkataza kusinzia. Ngedere wakishindwa, bibi anawasindikiza na matusi kidogo ya Kizigua, na sauti ile aliichukua kwako siku ile ulipodhani anakupiga picha. Usimkasirikie. Watu wa Brazili wanakusikia sasa hivi.

Kumbe mtu akishacheza anaandika maoni yake chini, na kila mwenye simu anaruhusiwa, awe Korogwe awe Ulaya, hana wa kumzuia. Jioni moja Rhoda alinisomea, yale ya Kiingereza akinigeuzia. Mmoja alisema hatua ya saba ni mateso, ameirudia mara thelathini na nguruwe bado wanapita, na aliyetengeneza hana huruma. Mwanangu hana huruma, dada, yule aliyelia siku tatu kwa sababu ya kuku. Mwingine alilalamika kwamba tofali lililopinda linakawia kugeuka. Mwingine alisema gemu ni fupi, ameimaliza mchana mmoja. Huyo nilimwuliza Rhoda, mtu anakula sinia zima la wali halafu anasema ulikuwa mchache, sasa huo ni ubaya wa wali au wa nani. Lakini mama mmoja wa Uholanzi aliandika kwamba yule bibi wa juu amemkumbusha nyanya yake, na ameshindwa kulala na kumwacha mahindi yake yanaliwa. Huyo nilimwombea.

Mimi maoni kama yale yangenilaza kitandani. Rhoda anayaandika kwenye daftari, baya na zuri, anasema mtu aliyerudia mara thelathini hakuchukia, amependa mpaka amekasirika. Sikumwelewa.

Na kila anayetoa maoni anatia na nyota. Nyota zote zinachanganywa, inatoka hesabu moja inayokaa juu ya gemu, wapita njia waione kabla hawajaingia. Sasa kuna bwana mmoja Dar es Salaam anayewasaidia vijana wa kazi hizi. Aliiona gemu ya Rhoda akamwahidi kwamba mwisho wa Juni akikuta watu mia wametoa maoni na nyota hazijashuka chini ya nne, atamchukua mwaka mzima kwa mshahara aimalizie. Zikishuka, basi. Baba yake naye akaongeza lake, kwamba ikiwa basi, Julai Rhoda anaanza ukarani wa mizani pale kiwandani, ameshamwombea. Miaka mitatu mtoto amekaa kwenye kile chumba chake cha Korogwe mjini anapanga matofali yasiyoshikika, na mimi miaka mitatu nawajibu watu kwamba anafanya kazi. Ukarani si vibaya. Lakini nilimwona Rhoda uso wake baba alipotamka, akawa kama mtu aliyeambiwa arudishe nguo aliyovaa.

Wakati huo waliotoa maoni walikuwa sitini tu. Nikasema moyoni, mia ni nini, sisi huku laini zetu, nyumba zote hizi za wafanyakazi wa mkonge, zina watu wangapi. Bila kumwambia Rhoda, maana angenikataza, nikapita nyumba kwa nyumba kama mtu anayekusanya mchango wa msiba. Nilianza na jumuiya, nikaenda kwaya, nikaenda kwa wenzangu tunaochambua nao singa za mkonge kiwandani, nikavuka kwa majirani wa upande wa msikitini. Mwenye simu ya kupangusa alitia mwenyewe, asiye nayo aliazima ya mwanawe. Asiyejua aandike nini nilimtungia mimi. Mzee Mathias simu yake aliinunua ikiwa imetumika, kwa hiyo huko ndani anaitwa Shamsia Mrembo, na kwa jina hilo alimwombea Rhoda baraka za mbinguni. Watu walitoka, dada. Arobaini na mmoja hapa, na wewe kwa wema wako, simu yako ikiwa bado inapatikana, ukapata kumi na mmoja huko Sindeni. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa furaha.

Wiki haikuisha Rhoda akaja Jumamosi macho mekundu. Akasema gemu yake imekufa. Nyota zilizokuwa nne na zaidi zimeanguka chini ya tatu kwa siku chache. Watu wa hapahapa, kwa majina asiyoyatambua na Kiswahili cha hapahapa, wamemiminika kumtilia nyota za chini kabisa, na juu ya hilo wamemwandikia maneno matamu ya kumkejeli. Nyota za chini, dada. Nikasema aliyefanya hivyo hana mama.

Rhoda akasema anamjua. Unamkumbuka Hiza, kijana wa Hale, yule mpole aliyechora picha zote za gemu, na mahindi yale ni mkono wake. Walikosana mwezi wa nne, yeye akitaka hatua ya saba ilegezwe, Rhoda akikataa, akachukua mfuko wake akaenda kwao. Rhoda akasema nani mwingine wa Korogwe anaijua gemu hii, nani mwingine ana kinyongo. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kutuliza nikachochea. Nikasema yule kijana tangu zamani hakuwa akinitazama machoni. Kumbe mtoto wa watu alikuwa na adabu tu. Rhoda akamwandikia ujumbe mrefu wa maneno makali, na siku ya soko mimi nikampita mama yake Hiza bila salamu.

Dada, nimekuzungusha kwenye mchele na magoti, sasa niseme. Zile nyota za chini ni zangu.

Hazikuwa za Hiza wala za adui yeyote. Ni za kwangu, na za jumuiya, na za kwaya, na za Baba Rhoda mwenyewe, na zako na watu wako. Unakumbuka nilikwambia waambie watie moja, wasizidishe. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wote. Mimi singa za mkonge nimezichambua miaka ishirini na sita. Namba moja ni ile ndefu, nyeupe, isiyo na doa, ndiyo inayopanda meli. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mali inavyooza. Rhoda alipomaliza kidato cha nne alipata divisheni wani, tukachinja. Behewa la daraja la kwanza ndilo walilokuwa wakipanda mabwana. Maisha yangu yote moja ni ya juu, nikajua nyota nayo ni vivyo hivyo, na tano ni ya mtu aliyeshindwa. Na katika watu arobaini na mmoja wa laini hizi hakuna aliyebisha, maana wote tumekulia kwenye singa. Kijana mmoja wa kwaya, Peter, aliniuliza taratibu kama nina hakika. Nikamwambia akimaliza kumfundisha mama yake kupika aje anifundishe na mimi. Akatia moja.

Aliyenifumbua macho ni Yusra, yule wa kibanda cha simu. Nilikwenda kwake kumlalamikia habari ya Hiza, nikamwambia na sisi tulikuwa tumemtilia moja moja kwa moyo wote. Yusra aliweka chini simu aliyokuwa anatengeneza. Akaniuliza mara mbili, moja kweli. Kisha akanionyesha nyota tano zimepangwa mstari, akasema mtu anapowasha ya kwanza tu na kuziacha nne gizani, amesema kitu hiki ni takataka.

Ungedhani nilikimbia siku ileile kwa Rhoda. Hapana, na hili ndilo linaloniuma kuliko nyota. Nilikaa siku tisa nikijua. Siku tisa mwanangu anamlaani mtu asiye na kosa, na kila akija mimi namwekea chai na kuitikia. Nilijiambia nitasema kesho, nitasema baba yake akitoka. Niliona aibu kwamba mtoto niliyemsomesha kwa singa, singa hizohizo zimemwangusha. Na niliogopa kwamba hatanicheka wala hatanigombeza, atanyamaza tu.

Alhamisi nikapanda bodaboda mpaka Korogwe na mihogo yangu ya kuchemsha. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama mlangoni. Rhoda akaniuliza kitu kimoja tu, kama na baba pia. Nikamjibu kwamba baba alikuwa wa kwanza, na alivaa miwani ili asikosee. Basi akacheka, dada, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, akalia, akacheka tena. Nikadhani nimepona. Kisha akasema jina la Hiza. Na ule unyamavu niliouogopa ukaja, ila haukunielekea mimi peke yangu. Tuligawana.

Ijumaa tukaenda Hale wote wawili. Nilipiga magoti kwa mama yake Hiza pale uani. Akaninyanyua, akanipa kigoda, akaninywesha chai kwanza. Ndipo akasema kwamba amesikia watu wa Ngombezi ni hodari wa kuchambua, na anashukuru kwamba mwanawe hakuzaliwa singa, maana ningekuwa nimeshamtupa kwenye mabaki wanayolishwa ng'ombe. Nilistahili. Alipoona nimeinamisha kichwa akanimiminia chai ya pili na kuniuliza habari za mvua.

Hiza hakuwa na maneno mengi. Alisema yeye aliitolea gemu maoni siku ya kwanza kabisa, kwa jina lake mwenyewe. Rhoda akapekua simu, akashuka, akashuka, maana siku zote alikuwa akiyasoma yale mapya ya juu na kuishia hapo. Akayakuta chini kabisa. Nyota tano. Ameandika kwamba dungu ni zuri, hatua ya saba ni ngumu mno kwa sababu mwenye gemu ni mkaidi, na picha ni nzuri kuliko gemu yenyewe. Rhoda alimwomba msamaha mbele yetu, kwa heshima, akimwita kaka. Hiza akamjibu kwamba msamaha ameupokea, na sasa wazungumze hatua ya saba.

Mimi nilitaka Jumamosi niwapitie watu wote tena niwaambie watie tano. Rhoda akakataa. Akasema hataki nyota za kuagizwa, iwe moja iwe tano. Akaniuliza katika wale arobaini na mmoja ni wangapi waliwahi kuicheza. Dada, nilitafuta hata mmoja nikakosa. Hata mimi sikuwa nimeicheza. Tulimsifia mtoto wetu kama watu wanaosifia chakula kilichofunikwa.

Kwa hiyo jana kibaraza cha Yusra kilijaa. Nilikiri makosa yangu mbele yao kwanza, wakacheka mpaka mzee Mathias akakaa chini. Kisha wakacheza. Mama mwenyekiti wa jumuiya amefika hatua ya saba na ametamka maneno ambayo padri asiyasikie. Kila mtu amefuta ile moja yake akatia alichokiona. Wengine tano, wengine nne, Peter ametia tano na hakunitazama. Baba Rhoda ametia tatu, amesema matofali yana haraka kwa mtu wa miwani, na hakuna aliyeweza kumgeuza. Rhoda akaandika kwenye daftari. Hawajamaliza wote. Sasa hivi nyota zimesimama kwenye tatu na nukta sita, na Juni ina wiki tatu zimebaki.

Ombi langu kwako, dada, ni wale kumi na mmoja wa Sindeni. Waambie mdogo wako alikosea, umtaje jina, usinifiche. Waambie waicheze kwanza, halafu watie wanavyoona wenyewe. Usiwaambie namba. Najua utatamani, na mimi natamani, lakini usiwaambie. Na wewe ukipata simu ya mtu jitazame ulivyopendeza kule juu.

Mimi mwenyewe nimetia leo, baada ya misa. Nimetia nne. Rhoda aliniuliza kwa upole ile ya tano nimeiweka wapi. Nikamwambia nguruwe wake wanakuja mchana. Nguruwe wa wapi huyo, anakatiza shamba jua likiwaka, debe linapigwa, anatokea mbele kama mgeni wa harusi. Nguruwe ni wa usiku, na anaingilia nyuma penye majani marefu. Wa mchana ni ngedere, tena hawaji wote, wanamtanguliza mmoja kuchungulia. Si ndivyo, dada, kule ng'ambo ya reli kwenye shamba la mama. Nikamwambia ndiyo maana hatua ya saba watu wanateseka, umewachanganya wa mchana na wa usiku, hakuna dungu litakaloweza.

Akavuta daftari, akaniomba niyarudie polepole. Kisha akampigia Hiza, naye amekuja na basi la mchana. Wako hapa sebuleni sasa ninapoandika, wanabishana. Hiza anasema akitaka usiku lazima ayachore mahindi yote upya na wiki tatu hazitoshi. Rhoda anasema mama ana makosa yake lakini kwa nguruwe yuko sahihi. Kila baada ya muda mfupi wananiita niwaambie nguruwe anatangulizaje pua. Barua hii nimeiacha na kuirudia mara nne.

Sijui kama nyota zitafika nne, dada. Sitakuficha, nikifumba macho naona ile mizani ya kiwandani. Lakini nyumba ina kelele nzuri leo, na nimewapikia wote.

Mpe shemeji shikamoo yangu, uwabusu wajukuu, na goti ulikande kwa maji ya moto yenye chumvi, usilidharau. Ukiwa na neno la kunigombeza liandike lote, mpe Ukasha arudi nalo. Nitalipokea.

Ni mimi mdogo wako asiyekusahau,
Bernadina (Mama Rhoda)